Seli zisizoguswa na virusi nazo zinakufa: kisa cha makaku wenye SIV

Mwaka 1998 watafiti wa Aaron Diamond AIDS Research Center, New York, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia makaku, kima wa Asia wanaotumika sana maabara. Baadhi yao walikuwa wameambukizwa SIV, virusi vya upungufu wa kinga vya kima, ndugu wa karibu wa VVU. Wengine walikuwa wazima. Wote walinyweshwa maji yaliyotiwa kemikali inayoacha alama ndani ya kila seli inayogawanyika, kisha damu yao ikawa inachukuliwa mara kwa mara ili ionekane seli za kinga zinazaliwa kwa kasi gani na zinapotea kwa kasi gani.

Seli za CD4, yaani seli T zinazoongoza mashambulizi ya kinga, zilikuwa zinapokezana (kufa na kuzaliwa nyingine) haraka kwa makaku wagonjwa kuliko kwa wazima. Hilo kila mtu alilitarajia, maana ndizo seli ambazo virusi huzivamia. Ila seli za CD8, seli T zinazoua seli zilizoambukizwa, nazo zilikuwa mbioni. Seli B, watengenezaji wa kingamwili, nazo. Hata seli za NK, zile askari wa doria wa mfumo wa kinga. Sasa, SIV huingia kwenye seli kwa kushika protini ya CD4 iliyo juu ya utando wake, na seli B hazina protini hiyo. Virusi havina mlango wa kuingilia humo. Basi kwa nini zife kabla ya siku zake?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya swali hilo. Majibu yake yalichukua zaidi ya miaka kumi kukusanyika, na hata leo watu wengi wanapoeleza Ukimwi bado wanasimulia kwa namna ambayo makaku wale waliikanusha: virusi vinaingia, vinaua CD4, CD4 zinaisha. Hadithi hiyo si ya uongo, ila ni nusu, tena nusu ndogo.

Turudi nyuma kidogo. Januari 1995 jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja kazi mbili, moja ya kundi la David Ho na nyingine ya kundi la George Shaw. Wagonjwa wa VVU walipewa dawa mpya zenye nguvu, na virusi katika damu vikaporomoka ndani ya siku chache huku CD4 zikipanda. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba katika ile miaka mingi ambayo mtu anaishi na VVU bila dalili, virusi vimelala. Kumbe havikulala hata siku moja. Kitu kinachoshuka haraka hivyo pindi uzalishaji unapozuiwa maana yake kilikuwa kinazalishwa na kuondolewa kwa kasi ileile kila siku. Kundi la Ho lilikadiria kwamba takriban seli bilioni 2 za CD4 huharibiwa na kufidiwa kila siku. Mwaka uliofuata Alan Perelson na wenzake wakaongeza kwamba virusi vipya kama bilioni 10 huzalishwa kwa siku, na kwamba seli iliyoambukizwa ina nusu-maisha ya siku 1.6 hivi, yaani katika muda huo nusu ya seli hizo huwa zimekufa.

Picha iliyoenea ilikuwa ya beseni: bomba limefunguliwa juu, tundu limefunguliwa chini, maji yanabaki usawa uleule mpaka bomba linapochoka. Ilieleweka upesi, na nadhani ndiyo maana ilidumu kuliko ilivyostahili.

Pingamizi hazikuchelewa. La kwanza lilihusu mahali pa kupimia. Damu hubeba takriban asilimia 2 tu ya limfositi (seli T, B na NK) za mwili. Zilizobaki ziko kwenye tezi za limfu, wengu, uboho na utumbo. Dawa ikituliza tezi za limfu, seli zilizokuwa zimejazana humo zinarudi kwenye damu, na anayehesabu CD4 kwenye damu ataona ongezeko ambalo kwa kweli ni uhamisho. La pili lilitoka Amsterdam mwaka 1996, kwa kundi la Frank Miedema. Kila seli inapogawanyika, ncha za kromosomu zake, yaani telomea, hupungua kidogo. Kama CD4 zilikuwa zinajifidia kwa mabilioni kila siku kwa miaka, telomea zake zingekuwa fupi mno. Walipopima, za CD4 hazikuwa zimefupika. Zilizofupika ni za CD8. Hiyo ilikuwa ishara ya mapema kwamba CD8 nazo zina habari ya kusimulia, ingawa wakati ule mjadala wote ulikuwa juu ya CD4.

Kwa hiyo kilihitajika kipimo cha moja kwa moja. Huwezi kujua kasi ya watu kuingia na kutoka sokoni kwa kuhesabu waliomo saa sita mchana. Lazima uwatie alama.

Kemikali iliyotumika inaitwa BrdU. Umbo lake linafanana sana na thaimidini, mojawapo ya matofali manne ya DNA. Seli inapojiandaa kugawanyika hunakili DNA yake yote, na ikiikuta BrdU karibu inaitumia bila kubagua. Seli isiyogawanyika haichukui kitu. Baadaye mtafiti huchukua damu, hufungua DNA ya seli kwa kemikali, kisha huongeza kingamwili yenye rangi inayong'aa ambayo hushika BrdU peke yake. Seli hupitishwa moja moja mbele ya mwale wa leza. Zile zinazong'aa ndizo zilizozaliwa tangu maji yaanze kutolewa. Rangi nyingine za pembeni huonyesha kama seli hiyo ni CD4, CD8, B au NK, na kama ni changa isiyowahi kukutana na kimelea au ni ya kumbukumbu. Kwa sababu inaingia ndani ya DNA yenyewe, si kitu cha kumnywesha binadamu kwa wiki nzima nzima. Kwa watu, kuanzia mwaka 1999, ilitumika glukosi yenye deuteriamu, hidrojeni nzito isiyo na mionzi, kwa mantiki ileile.

Hapa naomba tusiharakishe, kwa sababu ugumu wa kisa chote uko kwenye kusoma alama hizo, na wanaonukuu takwimu mara nyingi huliruka jambo hili.

Chukua seli 100 zisizo na alama, na idadi haibadiliki: kila siku moja hufa na moja hugawanyika. Mnyama ameanza kunywa BrdU asubuhi. Jioni, ile moja iliyogawanyika imetoa watoto wawili, wote wana alama. Moja isiyo na alama imekufa. Jumla bado ni 100, na zenye alama ni 2. Kasi ya kupokezana ni asilimia 1 kwa siku, lakini alama imepanda kwa asilimia 2. Anayesoma mchoro na kuandika "asilimia 2 kwa siku" amekuza jambo maradufu bila kujua. Tena hapo tumedhani kwamba kila seli mpya inatokana na mgawanyiko ndani ya kundi hilohilo. Kama nyingine zinaingia kutoka nje, kwa mfano zimetoka kwenye tezi ya thaimasi kifuani, zinakokomaa seli T, hesabu inabadilika tena.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Maji yenye BrdU yakisimamishwa, asilimia ya seli zenye alama huanza kushuka. Rahisi kusema: hizo zinakufa. Lakini seli yenye alama ikigawanyika watoto wake nao wana alama, walau mpaka ipungue sana kwa kugawanywa mara kwa mara. Kundi la seli zenye alama ambalo linagawanyika na kufa kwa kasi sawa lisingeshuka hata kidogo. Kwa hiyo kushuka kunaonyesha kwamba zenye alama zinakufa kuliko zinavyogawanyika. Hata hivyo hizo si sampuli ya haki ya kundi zima. Alama huzishika zaidi seli zilizogawanyika karibuni, na seli iliyogawanyika karibuni ndiyo iliyo karibu na kifo pia. Ukiwafuata wafanyakazi wapya tu utapata picha isiyo sahihi ya muda ambao watu hukaa kazini. Hii ndiyo sababu miaka iliyofuata wanahisabati walibishana sana juu ya modeli ipi itumike, na nionavyo mimi ubishi ule ulikuwa na faida kuliko majaribio mapya kadhaa.

Jaribio la 1998 lilitoa jibu la jumla: kwa makaku wenye SIV, kasi ya kuzaliwa na kufa kwa seli T iliongezeka mara mbili hadi tatu. Mwaka 2003 Rob De Boer wa Utrecht, pamoja na Perelson, Ho na mwenzao Hiroshi Mohri, wakatoa hesabu iliyochujwa zaidi. Kwa makaku wazima, CD4 hupokezana kwa takriban asilimia 1 kwa siku, seli T zisizo CD4 vilevile asilimia 1, na seli B na NK asilimia 2. Ukizichambua seli T, zile za kumbukumbu ni asilimia 1 na zile changa ni nusu asilimia. Asilimia 1 kwa siku maana yake seli huishi siku 100 kwa wastani. Nusu asilimia ni siku 200.

Kwa makaku wagonjwa wenye virusi vingi, seli T kwa jumla ziliongezeka kasi mara mbili, na za kumbukumbu mara tatu hivi. Kwa hiyo seli ya kumbukumbu ambayo ingeishi siku 100 sasa inaishi kama 33. Seli B zilifika wastani wa asilimia 3 kwa siku, NK asilimia 2.5. Na kadiri virusi vilivyokuwa vingi kwenye damu, ndivyo kasi ilivyokuwa kubwa, kwa kila aina ya seli iliyopimwa.

Mara mbili, mara tatu. Kwa aliyezizoea zile bilioni za 1995, takwimu hizi zinaonekana ndogo, na wapo walioziona hivyo. Mimi naona ukubwa wake si hoja. Hoja ni upana. Katika ugonjwa uliokwisha kuwa sugu, sehemu ndogo tu ya CD4 za kwenye damu ndiyo yenye virusi ndani, kwa kawaida chini ya 1 kwa 100. Hata ukiziua zote hizo kila siku huwezi kueleza kwa nini seli B, ambazo hazina virusi hata kimoja, zinapita haraka. Kuna kitu kinachotikisa mfumo mzima.

Maelezo ya kwanza yaliyopendekezwa yalikuwa ya kufidia: CD4 zimepungua, mwili umeona pengo, unazalisha kwa nguvu kuliziba. Yana mvuto, na yanaendana na picha ya beseni. Lakini CD8 hazikuwa zimepungua, mbona nazo zinakimbia? Jaribio lililoyabana zaidi maelezo hayo lilifanyika kwa binadamu, tena Amsterdam, na Mette Hazenberg na wenzake wakalichapisha mwaka 2000. Wagonjwa walianzishiwa dawa za kufubaza virusi. Kama seli zilikuwa zinagawanyika kwa ajili ya kuziba pengo, basi baada ya kuanza dawa, pengo likiwa bado lipo, zingeendelea kugawanyika vilevile au zaidi, kwa sababu sasa hakuna kinachoziangusha. Kilichotokea ni kinyume: mgawanyiko ulishuka mara tu virusi viliposhuka, CD4 zikiwa bado chache. Aliyekuwa anazikimbiza seli ni virusi na vurugu zake, wala si upungufu.

Jambo lenyewe huitwa uamsho wa kinga. Seli T ikiamshwa hugawanyika mara nyingi, na wengi wa wazao wake wamepangiwa kufa baada ya kazi. Ndivyo mwili unavyorudi katika hali yake baada ya mafua. Katika mafua linaisha ndani ya wiki mbili. Katika SIV halina mwisho: kila siku amri ya kuamka inatolewa, kila siku seli zinazaana na kufa, na kifo chao hakihitaji muuaji kutoka nje. Ndilo jibu la swali la seli B na CD8. Zinakufa kwa kuitwa kazini bila kupumzishwa.

Kuna punje moja kwenye takwimu za 2003 ambayo hainiachi nikubali uamsho kama jibu la kila kitu. Seli changa za CD4 za makaku wagonjwa ziliongezeka kasi mara mbili, ilhali seli changa za upande wa pili, zisizo CD4, hazikuongezeka ila kidogo sana. Kama vurugu ni ya jumla, mbona haikuwagusa wote sawasawa? Huenda hapo pana kufidia kwa kweli, seli changa za CD4 zikivutwa kuziba nafasi za wakubwa wao. Nadhani mambo yote mawili yapo, uamsho ukiwa ndio mkubwa.

Halafu kuna utumbo. Mwaka uleule wa 1998, Ronald Veazey na wenzake walionyesha kwamba makaku aliyeambukizwa SIV hupoteza CD4 za kwenye ukuta wa utumbo ndani ya wiki chache tu, wakati damu yake bado inaonekana na afueni. Sababu yake inafahamika: CD4 nyingi za huko ni za kumbukumbu na zina protini ya CCR5, ambayo SIV huihitaji pamoja na CD4 ili kuingia. Mwaka 2005 kundi la Mario Roederer lilikuta kwamba katika kilele cha maambukizi, kama siku ya 10, asilimia 30 hadi 60 ya CD4 za kumbukumbu mwilini kote zina virusi, na nyingi hutoweka siku chache baadaye. Huo ni uuaji wa moja kwa moja, na hapo ile hadithi ya kawaida inapata haki yake. Ni wiki za mwanzo tu, lakini zinaacha ukuta wenye nyufa.

Mwaka 2006 Jason Brenchley na Daniel Douek wakaunganisha nyufa hizo na uamsho. Walipima katika damu LPS, kipande cha ganda la bakteria wa utumboni, na kuikuta iko juu kwa watu wenye VVU sugu na kwa makaku wenye SIV. Bakteria wenyewe si lazima wapite. Vipande vyao vinatosha, maana mfumo wa kinga umeumbwa kushtuka ukiviona. Ukuta ukivuja, vipande vinaingia. Vikiingia, seli zinaamka. Zikiamka, CD4 zilizoamshwa zinakuwa chakula kizuri cha virusi, na virusi vinazidi kuubomoa ukuta.

Mpaka hapa hadithi imekaa vizuri, pengine vizuri mno. Ingekuwa na makaku peke yao, mtu angeweza kusema uamsho ni dalili tu ya virusi kuwa vingi, wala si chanzo cha kitu. Kwa bahati alikuwepo mnyama mwingine.

Katika kituo cha utafiti wa kima cha Delta, Louisiana, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuwa wanachunguza ukoma. Waliwadunga makaku nyama yenye vimelea vya ukoma iliyotoka kwa mangabi, kima wa Afrika Magharibi mwenye rangi ya masizi. Baadhi ya makaku wale wakapata ugonjwa ambao haukuwa ukoma, wenye sura yote ya upungufu wa kinga. Mwaka 1986 Michael Murphey-Corb na wenzake wakaeleza kilichotokea: mangabi walikuwa na SIV miaka yote, hawaumwi, na sindano ya ukoma ilikuwa imewapelekea makaku virusi hivyo. Makaku wa mwituni Asia hawana SIV. Walipewa na binadamu, kwenye vituo vya Marekani. (Mangabi haohao, porini kwao, ndio chanzo cha VVU-2 kwa watu wa Afrika Magharibi.)

Tazama jinsi bahati mbaya ile ilivyozaa ulinganisho ambao hakuna mtu angethubutu kuupanga: virusi vya ukoo mmoja, wanyama wawili, mmoja anakufa mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, mwingine anazeeka navyo.

Maelezo ya haraka yangekuwa kwamba mangabi anavidhibiti virusi. Havidhibiti. Damu yake mara nyingi ina nakala laki moja au zaidi za virusi kwa mililita, kiasi ambacho kwa makaku au binadamu ni cha kutisha. Guido Silvestri, Silvija Staprans, Mark Feinberg na wenzao walipowachunguza mangabi wa kituo cha Yerkes, Atlanta, na kuchapisha mwaka 2003, walikuta kwamba tofauti iko penginepo: seli zao T zinagawanyika na kufa kwa kasi iliyo karibu na ya mangabi wasio na virusi. Uboho wao uko salama, tezi za limfu ziko salama. Virusi tele, vurugu hakuna.

Mtu mwenye shaka angeuliza: labda kwa mangabi virusi haviui seli vinazoingia? Mwaka 2008 likajibiwa. Shari Gordon na wenzake waliwapa mangabi dawa za kuzuia virusi na kutazama virusi vinashuka kwa kasi gani, ile hesabu ya 1995 kwa mnyama mwingine. Seli zilizoambukizwa zilikuwa na maisha mafupi, kama kwa makaku. Kwa hiyo uuaji wa moja kwa moja upo kwa wanyama wote wawili, na kwa kiwango kinachofanana. Kilicho tofauti ni hatima ya zile seli nyingine, zile ambazo virusi havikuzigusa. Kwangu mimi hili ndilo pigo kubwa kuliko yote kwa hadithi ya "virusi vinaua CD4, CD4 zinaisha", na linashangaza jinsi lisivyotajwa.

Na kuna la ajabu zaidi. Jeffrey Milush na wenzake walieleza mwaka 2007 mangabi ambao CD4 zao zilikuwa zimeanguka kabisa, kwa viwango ambavyo mganga yeyote angetarajia magonjwa nyemelezi mlangoni. Hawakupata Ukimwi. Utumbo wa mangabi pia hupoteza CD4 katika wiki za mwanzo, ila LPS haipandi kwenye damu yake. Kupoteza CD4 na kuugua ni mambo mawili ambayo kwa makaku na kwa binadamu huenda pamoja, mpaka tukadhani ni kitu kimoja.

Mangabi anafanyaje? Mbinu si moja. CD4 zake zina CCR5 kidogo, hasa zile za kumbukumbu za kati, ambazo ni akiba inayozalisha nyingine. Hapa Louis Picker na wenzake wa Oregon wanasaidia kueleza upande wa makaku: akiba hiyo ikipungua taratibu mwaka hadi mwaka, seli za mstari wa mbele hazina tena pa kutoka, na hapo ndipo ugonjwa unapojitokeza. Mangabi ameilinda akiba. Halafu kuna kengele. Mwaka 2009 tafiti zilizofuatilia jeni kwa mangabi na kwa kima wa kijani wa Afrika zilionyesha kwamba maambukizi yanapoanza, nao hushtuka kama makaku: jeni zinazoitikia intaferoni, kemikali ambayo mwili huitoa kutangaza kwamba virusi vimeingia, huwaka zote. Tofauti ni kwamba wiki chache baadaye zinazimwa, virusi vikiwa bado vipo. Kwa makaku hazizimwi. Mfumo wa kinga wa mangabi una uwezo wa kupiga kelele. Una pia uwezo wa kunyamaza, na wa pili ndio adimu.

Binadamu yuko upande wa makaku. Mwaka 1999 Janis Giorgi na wenzake wa Los Angeles walionyesha kwamba kiasi cha CD38, alama ya uamsho juu ya seli za CD8, kinabashiri muda wa kuishi wa mgonjwa wa VVU vizuri kuliko wingi wa virusi vyenyewe. CD8, zile ambazo zilionekana hazina kesi. Dawa za kufubaza virusi hushusha uamsho huo sana, lakini kwa wengi, hasa waliochelewa kuanza, haurudi chini kabisa hata virusi visipoonekana kwenye kipimo, na ndiyo sababu moja ya magonjwa ya moyo kuwasumbua zaidi.

Imebaki hoja moja ambayo wapinzani walikuwa na haki ya kuidai. Ulinganisho wa mangabi na makaku ni wa wanyama wawili waliotengana kwa mamilioni ya miaka. Wanatofautiana kwa mengi, na huwezi kuokota moja tu na kuliita sababu. Njia ya kulijibu ni kumchukua mnyama mtulivu na kumvuruga kwa makusudi. Ivona Pandrea na wenzake walifanya hivyo mwaka 2008 kwa kima wa kijani wa Afrika, ukoo wa tumbili, ambao nao hubeba SIV yao bila kuugua. Wanyama waliokuwa wanaishi na virusi kwa amani walidungwa LPS, ileile inayovuja kwenye utumbo wa makaku. Virusi havikubadilishwa, mnyama ni yuleyule. Uamsho ulipanda, virusi vikapanda nyuma yake, na CD4 zikashuka.